Nani Amefiwa? Historia ya Msamiati wa Kuomboleza katika Kiswahili na Lugha Jirani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, kama ilivyotungwa mwaka 2004, humpa mwajiriwa siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo anapouguliwa au kufiwa na mtoto, au anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na katika lugha hiyo kila neno la orodha lina mpaka unaoeleweka. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, mfasiri anayeikabili orodha hiyo fupi yumo mtegoni. Akiandika "mzazi", je, baba mdogo yumo? Akiandika "ndugu" bila nyongeza, amewaingiza watoto wa ami na wa shangazi, watu wa ukoo, na pengine jirani wa siku nyingi. Akiandika "ndugu wa tumbo moja", amewatoa waliochangia baba peke yake.

Lakini kuna jambo jingine katika muhtasari huo wa sheria, nalo ni rahisi kulipita. Maandishi ya Kiingereza yanataja kifo cha mtu fulani. Kiswahili, bila kushauriwa, kimesema "anapofiwa". Kiingereza kinamtazama aliyekufa na kupima umbali wake na mwajiriwa. Kiswahili kinamtazama aliyebaki. Makala haya yanafuatilia historia ya tofauti hiyo. Hoja yake ni kwamba msamiati wa msiba katika Kiswahili una tabaka mbili ambazo hazikuchanganyika ovyo: maneno yenye asili ya Kiarabu yaliichukua maiti, cheo chake na hesabu ya ibada zake, ilhali maneno ya Kibantu yalibaki na wafiwa na mkutano wao. Maneno machache yaliyovuka mpaka huo yalibadilika maana yalipovuka. Kwa watunga sera wa ukanda wa Afrika Mashariki, ambao sasa wanaandika kanuni zitakazosomwa kwa Kiswahili kutoka Mombasa hadi Goma, historia hii ina gharama zinazohesabika kwa siku na kwa fedha.

Kufa, kufia, kufiwa

Kitenzi "-fa" ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya Kibantu. Wanaisimu hulirejesha kwenye mzizi wenye sauti ya k ikifuatiwa na u ya juu sana. Katika Kiswahili na lugha nyingi za Maziwa Makuu, k hiyo iligeuka f au pf kwa nguvu ya irabu iliyoifuata. Ndiyo maana Mganda husema "okufa" na Mnyarwanda "gupfa", ilhali Mkikuyu amebaki na "gũkua". Kutoka shina hilo Kiswahili kina kifo, mfu na ufu.

Chenye kuvutia zaidi ni mnyambuliko wake. Kauli ya kutendea inatoa "-fia": mtu hufia vitani, hufia nchi yake, hufia mikononi mwa mwanawe. Kauli hiyo ikitiwa katika kutendwa inatoa "-fiwa". Kisarufi, aliyefiwa ndiye kiima cha sentensi, na kifo ni jambo lililotendeka kwa kumwelekea yeye. "Asha amefiwa na mama yake" haisemi tu kwamba mama wa Asha hayupo. Inasema kwamba kifo hicho kimemfika Asha. Luganda ina muundo uleule, "okufiirwa", na wafiwa huitwa "abafiirwa". Kikuyu hufanya vivyo hivyo kwa shina lake. Kinyarwanda kimechukua njia nyingine: "gupfusha", kufiwa, kimeundwa kwa kauli ya kutendesha, kana kwamba anayebaki ndiye aliyesababishiwa, au hata aliyesababisha. Si busara kujenga falsafa ya taifa zima juu ya kiambishi kimoja, na wako waliowahi kufanya hivyo. Inatosha kuona kwamba lugha hizi jirani, kwa njia zinazotofautiana, zina kitenzi kimoja chepesi kinachomweka aliyebaki mahali pa kiima, jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya hulifikia kwa kuzunguka.

Kitenzi hicho hakina orodha ya jamaa. Mtu hufiwa na mzazi, na rafiki, na mwalimu, kijiji hufiwa, taifa hufiwa. Mipaka huwekwa na jamii, wala haimo ndani ya neno.

Wafu waliopewa maneno mapya

Kwa anayekufa mambo yalikwenda vingine. Katika Kiswahili cha adabu cha leo, kusema "baba yake amekufa" ni ukavu unaomfanya msikilizaji ageuke. Husemwa "amefariki", "ameaga dunia", "ametutoka". "Kufariki" kimetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuachana au kutengana na kitu, na alama ya asili hiyo ingali ipo katika "kufariki dunia", ambapo dunia ndiyo inayoachwa. Kitenzi cha kale cha Kibantu kikateremka daraja: wanyama hufa, simu hufa, injini hufa, na watu hufa katika takwimu na katika matusi.

Hapo ndipo ushahidi mkuu wa makala haya ulipo. "-Fariki" kilimwondoa "-fa" kwa marehemu, lakini hakikumwondoa kwa mfiwa. Hakuna anayesema kwa kawaida kwamba fulani "amefarikiwa". Hata mzungumzaji anayejichunga sana, ambaye kamwe hatatamka "amekufa" mbele ya wazee, husema "amefiwa" bila kusita, wala haoni kwamba shina ni lilelile. Adabu mpya ilimvika maiti nguo mpya na kumwacha aliyebaki na nguo zake za zamani.

Majina ya aliyekufa yanafuata mkondo huohuo. "Maiti" ni neno la Kiarabu. "Marehemu" ni aliyerehemewa, kutoka mzizi uleule uliotupa rehema na kurehemu. Kwa asili ni dua, kisha likawa sifa, na sasa katika vyeti na hati za mirathi ni istilahi isiyo na dini. Wapo waumini wanaoona vigumu kulitumia neno hilo kwa mtu ambaye hukumu yake hawaijui, na hoja yao ina mantiki ya kietimolojia. Ila matumizi ya karne nzima katika ofisi za serikali yamekwisha kulitoa neno mikononi mwa wanazuoni.

"Hayati" lina historia ya ajabu zaidi, maana katika Kiarabu maana yake ni uhai. Katika Kiswahili limekuwa cheo cha mtu asiye na uhai, tena si kila mtu: Hayati Mzee Karume, Hayati Mzee Kenyatta, Hayati Mwalimu Nyerere. Mkulima akifa huitwa marehemu. Kiongozi huitwa hayati. Kanuni hiyo haikutungwa na baraza lolote la lugha. Ilikua katika matangazo ya redio na hotuba za kitaifa, na leo mhariri anayemwita rais wa zamani "marehemu" hupigiwa simu. Inawezekana kuwa wazo la mwanzo lilikuwa kwamba mtu huyo anaishi katika kazi zake. Kwa vyovyote, Kiswahili kimezalisha tabaka mbili za wafu kwa kutumia maneno mawili ambayo katika lugha yalikotoka hayahusiani na tabaka hata kidogo.

"Jeneza" linaonyesha jinsi neno linavyoweza kukaa mahali pake huku kitu kikibadilika chini yake. Katika miji ya Waislamu pwani, jeneza ni kitanda cha kuchukulia maiti. Hufika makaburini na hurudi, kwa kuwa maiti huzikwa kwa sanda. Bara, na kokote ulikotangulia Ukristo, jeneza ni sanduku linaloteremshwa kaburini na halirudi. Fungu la bajeti la taasisi linaloandikwa "jeneza" bila maelezo linaweza kununua kitu kimoja cha miaka mingi au kitu kipya kwa kila mazishi.

Kaburi ni la Kiarabu pia. Kitendo chenyewe cha kuzika kimebaki cha Kibantu, ndugu wa "okuziika" ya Waganda na "gũthika" ya Wakikuyu. Huu ni mmoja wa michepuko ya hoja iliyotajwa mwanzoni, lakini ni mchepuko unaoifafanua: kuzika ni kazi ya walio hai.

Kilio, matanga, na mkutano wa wafiwa

Neno la kale zaidi la mkutano wa wafiwa ni kilio. Ni nomino ya kawaida kutoka "-lia", lakini sehemu nyingi za bara "kwenda kilioni" hakumaanishi kwenda kutoa machozi. Kunamaanisha kwenda nyumbani kwa wafiwa, kukaa, kuchangia kuni na maji, kulala huko. Lubumbashi "kilio" ndilo jina la tukio zima. Rwanda na Burundi wana "ikiriyo", neno lililojengwa kwa mzizi uleule, nalo ni kipindi na mahali pa kukesha pamoja. Mtu wa Kigoma na mtu wa Bujumbura hawahitaji mkalimani wanapopeana habari hii.

Neno "matanga" linahitaji kukaliwa zaidi. Pwani, "kukaa matanga" ni kukaa nyumbani kwa wafiwa kwa siku kadhaa, na "kuanua" au "kuondoa matanga" ni kuzimaliza siku hizo. Mwongozo wa Kiswahili wa Edward Steere, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1870, uliyaeleza matanga kuwa ni mikeka mikubwa, na kukaa matanga kuwa ni maombolezo rasmi ya siku baina ya tano na kumi. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi zaidi ni kwamba neno limetokana na tanga la chombo: matanga yalitandikwa chini ili wageni wapate pa kukaa, au yalitungikwa uani kuwakinga na jua. Wanaotaka kuchagua baina ya tanga na mkeka wanasahau kwamba kwa chombo kama mtepe, uliotawala mwambao wa Lamu kabla ya majahazi ya kitambaa, vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja: tanga lake la mraba lilisukwa kwa majani makavu kama mkeka. Kitenzi "kuanua" nacho kinakaa vizuri katika picha hiyo, kwa kuwa huanuliwa kitu kilichotandazwa.

Picha ni nzuri, na uzuri wake ni sababu ya kuichunguza. Upande wa pili wa bara, karibu na Atlantiki, miongoni mwa Wakongo na Wavili, "matanga" ni sherehe ya kuvunja maombolezo; na katika Lingala, kutoka Kinshasa kwenda juu ya mto, ni mkesha wa msiba. Ni vigumu kuamini kwamba neno la mabaharia wa Lamu lilitembea hadi Loango na kubaki na maana ileile ya msiba huku likiiacha ya chombo. Ama maneno mawili tofauti yamefanana kwa bahati, ama kuna neno la Kibantu la kale zaidi ambalo Waswahili, wakiishi kando ya bahari, walilisoma upya kwa jicho la baharia. Rai ya pili ina nguvu zaidi, na maelezo ya mkeka yanaipa nafasi ambayo maelezo ya tanga pekee hayaipi, kwa sababu mkeka wa kukalia waombolezaji hauhitaji bahari. Kwa Kiswahili cha Kongo matokeo yake ni kwamba neno limefika kutoka pande zote mbili, mashariki na magharibi, na limekutana na nafsi yake katikati.

Nchini Kenya matanga yamechukua njia nyingine tena. Magharibi na pwani ya nchi hiyo kuna "disko matanga", usiku wa muziki na michango kabla ya mazishi, ambao wakuu wa utawala wameupiga marufuku mara kadhaa kwa kuwa huvuta watoto na ulevi. Marufuku hayo hulenga disko. Matanga yenyewe hakuna anayeweza kuyapiga marufuku. Tofauti hiyo haikuonekana wazi kama ilivyoonekana Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipoweka ukomo wa watu 15 katika mazishi kwa sababu ya korona. Kanuni ilimlenga mzikaji pale kaburini. Haikuwa na neno la kuwaeleza wanaokaa, yaani wale ambao katika kilio na matanga ndio tukio lenyewe.

Suala la nani ana haki ya kukaa na nani ana haki ya kuzika liliwahi kufikishwa mahakamani kwa namna iliyojulikana dunia nzima. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulisubiri karibu miezi mitano hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Mawakili walibishana kuhusu mila na sheria ya kawaida. Kwa lugha ya makala haya, walibishana kuhusu kiima cha kitenzi "-fiwa", kama ni mke au ni ukoo, na hakuna upande uliokuwa unadanganya.

Maneno yaliyovuka mpaka

"Msiba" ndilo neno lililojibantuisha kuliko yote. Katika Kiarabu ni balaa inayompiga mtu, kutoka mzizi wenye wazo la kulenga na kupata shabaha. Limo katika Kurani, sura ya pili, aya ya 156, pamoja na maneno ambayo Waislamu huyasema wanaposikia kifo. Silabi yake ya kwanza, mu-, katika Kiarabu ni sehemu ya muundo wa neno. Masikio ya Kibantu yaliisikia kama kiambishi cha ngeli, yakaifupisha kuwa m-, kisha yakaunda wingi "misiba" kana kwamba ni mti na miti. Baada ya sarufi ikafuata maana. Maana ya balaa yoyote ingalipo katika maandishi, lakini katika mazungumzo ya Tanzania msiba ni kifo cha mtu, na zaidi ya hapo ni mahali: "yuko msibani", "msiba uko Tabata". Neno lililomaanisha pigo kutoka juu limekuwa uwanja wenye viti vya plastiki, turubai na sufuria kubwa. Lilipoingia upande wa walio hai, lilichukua kazi ya kilio.

"Tanzia" nalo liligeuzwa, lakini kwa upande mwingine. Neno la Kiarabu maana yake ni kumliwaza aliyefiwa. Umbo la "taazia" lililohifadhi maana hiyo bado linasikika Zanzibar na mwambao. Umbo la "tanzia", ambalo n imejitokeza palipopotea konsonanti ya koo, limekuwa taarifa ya kifo: kichwa cha tangazo gazetini, ubao wa matangazo ofisini, ujumbe wa kundi la simu. Faraja imekuwa habari. Wahakiki wa fasihi nao wakalichukua kuwa jina la tamthilia yenye mwisho wa huzuni. Katika Uajemi neno hilohilo lilikwisha kuwa jina la maigizo ya kifo cha Husein, ingawa njia iliyowafikisha wahakiki wa Kiswahili hapo haikupita kwa Waajemi.

Nafasi iliyoachwa na tanzia ilijazwa na "rambirambi" na "ubani". Ubani ni uvumba, neno la Kiarabu ambalo irabu yake ya mwanzo ilisikika kama kiambishi cha u-; kutoka moshi wa kufukizia nyumba ya msiba likawa fedha za kumpa mfiwa. Rambirambi zimeenda pande zote mbili, maneno na fedha, na utata huo si wa nadharia tu. Baada ya ajali ya basi la wanafunzi wilayani Karatu mwezi Mei 2017, mjadala wa hadharani nchini Tanzania uligeukia fedha za rambirambi: ni za nani, nani azigawe, na je, zinaweza kufanya kazi nyingine? Aliyezielewa kuwa ni mchango wa maafa aliona hospitali. Aliyezielewa kuwa ni rambirambi aliona mama aliyefiwa. Mpaka leo taratibu nyingi za fedha zinalitumia neno hilo bila kusema ni mali ya nani pindi linapotamkwa.

Chini ya hayo yote limebaki neno dogo la Kibantu, "pole". Ni ndugu wa kupoa na kupoza, na wa "mpola" ya Kiganda, yaani taratibu. Kinyarwanda, ambamo p ya kale imekuwa h, kina "guhoza" kwa maana ya kufariji. Kinachopozwa ni joto la aliyebaki. Aliyekufa hapewi pole.

Kuhesabu na kumaliza

Muda wa kuomboleza umekuwa himaya ya Kiarabu kwa sehemu kubwa ya pwani. Eda kwa asili ni hesabu; ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa mujibu wa aya ya 234 ya sura hiyohiyo ya pili. Hitima ni khitimisho la kisomo. Arobaini ni tarakimu tu, na sasa imevuka hadi kwa Wakristo wa bara. Kinachopinga mkondo ni jina la mjane mwenyewe anapokuwa edani: huitwa "kizuka", neno la Kibantu. Hesabu ni ya Kiarabu. Anayehesabiwa ana jina la nyumbani.

Majirani wasiohesabu kwa Kiarabu wana vitenzi badala ya tarakimu. Mnyarwanda wa zamani alikuwa katika "kwirabura", kuwa mweusi, mpaka siku ya "kwera", kuwa mweupe. Burundi kuna hatua mbili, "guca ku mazi" na mwishowe "kuganduka", na hatua hizo bado hualikiwa watu kwa kadi. Waganda wana "okwabya olumbe", kukipasua kifo, siku ambayo mrithi husimikwa. Katika mifano hiyo mwisho wa msiba ni tendo linalofanywa na watu waliokusanyika, wakati mwingine baada ya mwaka au zaidi. Likizo ya siku nne haiwezi kulifikia, na hakuna sheria ya kazi katika ukanda huu iliyojaribu.

Maombolezo ya dola

Dola ilipohitaji neno lake, haikuchukua kilio, matanga wala msiba. Ilichukua "maombolezo", nomino iliyokuwa imepewa uzito na wafasiri wa Biblia walioifanya jina la kitabu. Tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais wa Tanzania alipotangaza kifo cha Rais John Magufuli, siku 14 za maombolezo zilitangazwa, na bendera kupepea nusu mlingoti. Julai mwaka uliotangulia, kwa Benjamin Mkapa, zilikuwa 7. Kwa Ali Hassan Mwinyi, mwaka 2024, zilikuwa 7 pia. Maombolezo ya aina hii yana tarehe ya kuanza na ya kwisha, hayana mahali pa kukaa, na mfiwa wake ni taifa.

Rwanda imeitenganisha mikondo hiyo miwili kwa uangalifu zaidi. Ikiriyo ni cha familia. Kumbukumbu ya kitaifa ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, inayoanza kila tarehe 7 Aprili, ilipewa neno "icyunamo", lenye uhusiano na kuinama. Kufasiri yote mawili kwa "maombolezo", kama hati nyingi zinavyofanya, ni kufuta mpaka ambao Wanyarwanda wameujenga kwa makusudi.

Kazi ya istilahi

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Kusanifisha istilahi za kijamii katika nchi ambazo mkutano mmoja huitwa msiba, matanga na kilio hakutafanikiwa kwa kuchagua mojawapo na kuyapuuza mengine. Yafaa kuanza na neno ambalo pande zote zinalo na ambalo halina ubishi wa asili, yaani "mfiwa", na kulipa fasili ya kisheria linayoikosa. Rasimu inayoanza na orodha ya marehemu wanaokubalika itarudi kila mara kwenye tatizo la mzazi na ndugu. Rasimu inayoanza na mfiwa inaweza kuuliza maswali yanayojibika: alilelewa na nani, alikuwa akimtunza nani, anakaa msiba wa nani. Maswali hayo matatu yanamwingiza baba mdogo aliyelea na kumwacha nje wa jina tu, bila kulazimisha lugha iseme isichosema.

Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na maofisa utumishi, mmoja mmoja, bila mwongozo. Barua hufika mezani ikiwa na sentensi moja: "Nimefiwa na baba yangu mdogo, naomba ruhusa." Ofisa anayeishika sheria kwa herufi humkatalia, au humkata siku nne katika likizo yake ya mwaka. Anayemfahamu mwombaji, na kujua ni nani aliyemlipia ada ya shule, hufuta neno "mdogo" na kuweka muhuri.